Mgandamizo wa Mascarene, mizunguko ya maji na utabiri wa upepo wa Mombasa: tuusome vipi?

TangaLaMtwapa

Assalam aleikum wanabahari. Swali hili ni kwa wanaosoma ramani zenyewe, si rangi za programu za simu peke yake.

Kuanzia Mei hadi Septemba utabiri wa kusi kati ya Diani na Kilifi hukosea kwa namna mbili zinazojirudia. Ya kwanza, utabiri unasema noti 12, nje ya mwamba kunavuma 20 na zaidi, na hali hiyo inakaa siku tatu nne. Ya pili, utabiri unasema 18 tangu asubuhi, lakini hadi karibu adhuhuri upepo ni mwepesi na unatoka bara, kisha unageuka na kuja kwa nguvu kutoka mashariki.

Naomba kujua mambo matatu. Mgandamizo mkubwa wa hewa wa Mascarene mtu wa Mombasa ausomeje? Ukifika milibari 1030, ndiyo kusema kusi itakuwa kali? Pili, ile mizunguko ya maji inayoonekana kwenye ramani za satelaiti, ukiwemo ule mkubwa wa Somalia, inabadilisha upepo wetu au haituhusu? Tatu, nichukue modeli ipi ya kompyuta ya kutabiri upepo, na niisome kwenye nukta gani ya ramani? Matumizi ni mashua za tanga za abiria na wavuvi wanaotoka nje ya mwamba, kwa hiyo kosa la noti tano si dogo.

---

BarometaKizingo

Waaleikum salaam. Nianze na hiyo 1030, maana hapo wengi hupotea. Namba ya katikati ya Mascarene haikwambii upepo wa Mombasa. Mgandamizo ule hukaa karibu na latitudo ya 30 kusini, mashariki ya Madagaska, na mwezi wa Julai katikati yake kuzidi 1020 ni jambo la kawaida. Ukiwa na 1034 lakini umekaa mbali, kwenye longitudo ya 85 au 90 mashariki, nguvu yake inaishia katikati ya bahari na sisi tunapata mabaki. Ukiwa na 1026 tu lakini umenyoosha ulimi kuelekea magharibi, ukapita kusini ya Madagaska na kuingia Mlango wa Msumbiji, hapo punguza tanga mapema. Kitu cha kutazama ni ulimi huo, umefika wapi na unasogea upande gani.

Ulimi unatoka wapi? Msimu wa kipupwe, kila baada ya siku chache, mkanda wa hewa baridi hupita kusini ya Afrika ukienda mashariki, na nyuma yake hufuata mgandamizo mkubwa mpya unaosafiri. Huo ukishapita Durban, hewa nzito husukumwa kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji, upande mmoja imezuiwa na milima ya Madagaska na upande wa pili na nyanda za juu za bara. Kwa kawaida huchukua siku mbili hadi nne tangu mgandamizo upite Durban mpaka kusi ipande kwetu. Haiji pwani nzima kwa mara moja. Mtwara huipata kwanza, kisha Dar es Salaam, kisha Tanga, ndipo Mombasa. Kwa hiyo ripoti za vituo vya Tanzania ni muhimu kwako kuliko ramani nzuri ya rangi. Dar ikipanda leo noti sita juu ya jana kwa saa ile ile, na programu yako bado inasema Mombasa kesho 12, mimi nitaamini Dar.

Hili ndilo jibu la kosa lako la kwanza. Modeli inaweza kuuona mgandamizo vizuri lakini ikakosea saa za wimbi la hewa kufika, au ikalipunguza nguvu njiani. Wimbi likishafika, halimaliziki kwa siku moja.

Sasa onyo kwa aliyezoea ramani za Ulaya au za Afrika Kusini. Kule, mistari ya mgandamizo ikikaribiana unapiga hesabu ya upepo moja kwa moja, kwa sababu mzunguko wa dunia unaugeuza upepo mpaka unafuata mistari. Kwetu, kwenye nyuzi 4 kusini, nguvu hiyo ya kugeuza ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya latitudo 45. Chukua tofauti ya milibari 1 kwa kilomita 100. Kwa fomyula ya kawaida, latitudo ya Durban inakupa noti 22 hivi, jibu la maana kabisa. Ipeleke fomyula hiyo hiyo Mombasa, itakupa karibu noti 160. Ni upuuzi, na ndiyo dalili kwamba fomyula haifai hapa. Karibu na ikweta hewa hukatiza mistari ikienda kule mgandamizo uliko mdogo, na msuguano wa ardhi na maji ndio unaoamua mwendo wake. Pia ramani inayochora mstari kila baada ya milibari 4 itakuonyesha pwani yetu tupu. Omba mistari ya kila milibari 1, au nusu ukiweza.

Njia yangu ni hii. Toa kwenye faili la modeli mgandamizo wa nukta ya 20 kusini, 40 mashariki, yaani katikati ya Mlango wa Msumbiji. Ondoa ule wa 4 kusini, 40 mashariki, kwa saa ile ile. Andika tofauti kila siku kwenye daftari. Ikipanda siku mbili mfululizo, kusi inaongezeka, hata kama namba ya upepo kwenye programu haijaguswa. Ikishuka, tegemea hali kulegea na upepo wa mchana kutawaliwa zaidi na joto la nchi kavu.

Sisitizo ni hilo neno "saa ile ile". Barometa ya ukanda huu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kila siku, mvua au jua. Vilele ni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na mabonde ni karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri unaweza kuona 1016 ikawa 1013 bila dhoruba yoyote kuwapo. Nahodha aliyefundishwa kwamba milibari 3 kwa saa sita ni hatari atarudisha mashua bandarini kila alasiri. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, na hapo hata milibari 1.5 ni habari kubwa.

---

MkondoNaMaji

Nachukua swali la pili. Mzunguko mkubwa wa Somalia uko kati ya nyuzi 5 na 10 kaskazini, hujengeka kusi ikishashika, na hudumu miezi ya kusi yote. Mpaka wake wa kusini uko kilomita 1,000 hivi kutoka Mombasa, na sisi tuko upande ambao kusi inatoka, si upande inakokwenda. Kwa upepo wa Nyali hauna kazi. Usiuweke kwenye hesabu.

Mizunguko midogo ya karibu nasi, yenye upana wa kilomita 100 hadi 300, ni jambo jingine, lakini hata hiyo watu huipa uzito usiostahili. Inavyoathiri upepo ni hivi: maji ya joto huipasha hewa ya chini, hewa inapanda na kushuka kwa wingi, na mwendo wa kasi ulio juu unaletwa chini, hivyo upepo wa usoni unaongezeka. Juu ya maji baridi hewa hutulia kwa matabaka, kasi inabaki juu, na usoni upepo unapungua. Vipimo vya satelaiti sehemu nyingi za bahari vimeonyesha badiliko la kama mita 0.3 hadi 0.5 kwa sekunde kwa kila nyuzi 1 ya joto, yaani kama noti moja au chini yake. Mzunguko wenye tofauti ya nyuzi 1 utakupa noti moja. Kosa lako la noti nane halitoki huko.

Pwani ya Somalia hadithi ni tofauti. Wakati wa kusi maji baridi hupanda kutoka chini kwa nguvu, na tofauti ya joto na maji ya jirani ni nyuzi kadhaa. Huko unaweza kuvuka mpaka wa maji na ukauhisi upepo ukibadilika. Anayepeleka chombo kaskazini ya Lamu aanze kulifikiria hilo, ila kati ya Shimoni na Kilifi sivyo.

Kinachobadilishwa na mizunguko hapa kwetu ni mkondo, na mkondo hubadilisha upepo unaohisiwa na bahari yenyewe. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima mbele ya Mombasa. Wakati wa kusi ni wa kasi, noti 3 si ajabu. Wakati wa kaskazi hulegea sana. Mzunguko wa maji ukija kutoka mashariki na kuegemea mkondo huu, unaweza kuuongezea kasi au kuupunguza, kutegemea unazunguka upande gani. Upande wetu wa ikweta, mzunguko ulioinuka katikati, ambao kwa kawaida ni wa maji ya joto, unakwenda kinyume cha mishale ya saa, na ule uliobonyea katikati unafuata mishale ya saa. Kwa hiyo mzunguko ulioinuka ukikaa mashariki ya mkondo, ubavu wake wa magharibi unateremka kusini na kupingana na mkondo. Uliobonyea huuongezea kasi. Ramani za kimo cha bahari za Copernicus, mradi wa Ulaya wa kutazama dunia kwa satelaiti, zinaonyesha haya kila siku, bila malipo.

Mfano wa hesabu: kusi noti 20 na mkondo noti 3 vikienda upande mmoja, uso wa maji unahisi upepo wa noti 17. Msukumo wa upepo juu ya maji unafuata mraba wa kasi, kwa hiyo unabaki kama asilimia 72 ya ule ambao ungekuwapo maji yangetulia. Bahari inakuwa na mawimbi marefu, ya kuvumilika. Geuza sasa: kaskazi noti 15 ikipambana na mkondo wa noti 2 unaopanda. Uso unahisi 17, na zaidi ya hapo mawimbi yanafupishwa na kusimama wima. Ndiyo maana kaskazi ya noti 15 inaweza kuisumbua ngalawa kuliko kusi ya noti 18. Utabiri wa upepo unaweza kuwa sahihi kabisa na chombo bado kikapata tabu.

Mlango wa Kilindini una sheria hiyo hiyo kwa kiwango kidogo, siku za bamvua hasa. Maji yakipwa yanatoka nje kukutana na mawimbi ya kusi uso kwa uso. Panga kutoka maji yakiwa yamesimama au yameanza kujaa.

---

TangaLaMtwapa

Shukran, tayari mengi yamekaa sawa. Nyongeza mbili. Upepo wa satelaiti, ule wa ASCAT, wakati wa kusi mara nyingi uko chini kuliko kipima upepo cha chombo kilicho sehemu ile ile. Unasema 14, chombo kinasema 17. Nani mkweli? Na kuna anayesema uchukue upepo wa milibari 925 kwenye modeli, upige mara 0.7, upate upepo wa usoni. Inafaa?

---

NuktaYaRamani

Wote wawili wakweli. ASCAT haipimi hewa, inapima mikunjo midogo ya uso wa maji na kuigeuza kuwa upepo. Kwa hiyo inatoa kasi ya hewa ikilinganishwa na maji yanayotembea. Chombo kilichotia nanga, chenye kipima upepo mlingotini, kinatoa kasi ikilinganishwa na ardhi. Mkondo wa noti 3 unaofuata upepo ndio tofauti uliyoiona. Ukitaka kukagua modeli kwa kutumia ASCAT wakati wa kusi, ongeza kasi ya mkondo kwanza. Wakati wa kaskazi punguza. Satelaiti hizi hupita kwetu karibu saa nne kasorobo asubuhi na usiku, si kila siku, na karibu na ufuo, kama kilomita 20 za kwanza, data huwa haipo au haiaminiki. Usitafute humo upepo wa ndani ya mwamba.

Ile 0.7 niiweke mahali pake. Milibari 925 ni kama mita 750 hadi 800 juu. Wakati wa kusi kuna mto wa hewa wa kasi unaopita mashariki ya Kenya kwenda Somalia, kitovu chake kikiwa karibu kilomita moja na nusu juu. Mtaalamu wa hali ya hewa Findlater aliueleza mwaka 1969. Juu ya bara, usiku, ardhi inapoa, tabaka la chini linajitenga, na mto huo unakimbia kwa kasi zaidi huku chini kumetulia. Mchana jua linauchanganya na sehemu ya kasi inashuka. Kwa hiyo kipimo kimoja cha asilimia kinashindwa mara mbili kwa siku, maana usiku kinakupa upepo mwingi usiokuwapo na mchana kinaweza kukaribia. Juu ya bahari hewa inachanganyika usiku na mchana, na uwiano hautikisiki sana. Itumie 925 kujua kama wimbi la kusi linakuja, kwa sababu huko juu huonekana wazi zaidi kuliko usoni. Usiigeuze kuwa noti za kumwambia abiria.

Sasa modeli na nukta. Data ya GFS ya Marekani hutolewa kwa miraba ya robo nyuzi, karibu kilomita 28. Mraba unaoigusa Mombasa umechanganya bahari, mikoko, mji na vilima, na modeli inaupa ukwaru wa nchi kavu. Upepo wake wa mita 10 juu ya uso lazima uwe mdogo. ECMWF ya Ulaya ina miraba ya kama kilomita 9 na inafanya vizuri zaidi, lakini hata hiyo usibonyeze kidole juu ya kisiwa. Soma 4°05′ kusini, 40°00′ mashariki, kama maili 20 za bahari kutoka ufuoni. Hiyo ndiyo kusi yenyewe, kabla ya nchi kavu kuiharibu. Kutoka hapo unafanya marekebisho ya pwani mwenyewe.

Saa zake: modeli inayoanzia saa 00 ya Greenwich inaanzia saa tisa usiku kwetu. Ya GFS inakuwa tayari kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, ya ECMWF karibu saa nne. Anayetoka alfajiri anatumia ya jana jioni, na aijue umri wake.

Marekebisho ya pwani ndiyo jibu la kosa lako la pili. Pwani yetu imelala kutoka kusini-kusini-magharibi kwenda kaskazini-kaskazini-mashariki. Usiku nchi kavu inapoa na kusukuma hewa kuelekea baharini, hivyo alfajiri kusi inageuka kuwa ya kusini-magharibi, nyepesi, na Diani inaongezewa kivuli cha vilima vya Shimba. Jua likipanda, bara linapita joto la bahari, na kuanzia saa tano au saa sita upepo wa baharini unaingia kutoka mashariki na kujumlishwa na kusi. Jumla yake hutoka kusini-mashariki, na noti 6 hadi 10 zinaweza kuongezeka. Modeli yenye miraba mikubwa inasawazisha haya yote, inakupa 18 asubuhi na 18 alasiri. Uhalisia ni 8 na 22.

Kinachoua upepo wa baharini ni wingu la asubuhi. Mei na Juni manyunyu ya usiku kutoka baharini yakiingia alfajiri na wingu likakaa hadi saa tano, ardhi haipati moto, na ongezeko hilo linachelewa au halifiki. Picha ya satelaiti ya saa mbili asubuhi ina thamani kuliko modeli yoyote kwa jambo hili. Kusi kali mno nayo huzuia tofauti ya joto isijengeke, maana inasomba hewa ya bara kabla haijapata moto. Siku hizo tofauti ya asubuhi na alasiri ni ndogo.

Jambo dogo la vipimo: ripoti ya uwanja wa ndege wa Moi inapimwa mita 10 juu, lakini kilomita kadhaa ndani, kwa hiyo iko chini ya hali ya mwambani. Nayo kipima upepo cha mkononi, mita 2 juu ya maji, husoma kama asilimia 85 ya upepo wa mita 10. Ukisoma 15, andika karibu 17.5 kabla ya kulinganisha na modeli. Wengi huilaumu modeli kwa noti mbili ambazo ni urefu wa mkono wao.

---

BamvuaLikoni

Naongeza la kaskazi, maana uzi umeegemea kusi. Desemba hadi Machi tazama Arabuni. Mgandamizo mkubwa ukijengeka juu ya Rasi ya Arabuni, upepo wa kaskazi huongezeka kwetu siku chache baadaye, kwa utaratibu ule ule wa kulinganisha saa kwa saa.

Kinachovuruga ni vimbunga vya kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska kinaweza kuvuta hewa ya magharibi kutoka Kongo ikavuka Kenya. Dalili zake Mombasa: upepo wa baharini unachelewa hadi saa nane au tisa, mawingu ya kimo cha kati yanatoka bara kwenda baharini, na ngurumo za jioni zinasikika upande wa Kwale. Siku hizo modeli zinaweza kutofautiana mpaka kwenye mwelekeo, si kasi tu. GFS na ECMWF zikipingana kwa zaidi ya nyuzi 60 za dira, usitoe namba moja. Toa hali mbili, na umwambie nahodha dalili ya kila moja.

Kimbunga chenyewe kwa kawaida hakitufikii, kwa sababu ile ile ya nguvu ya kugeuza kuwa ndogo karibu na ikweta. Lakini Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia mapema Mei 2024, karibu nyuzi 8 kusini, kwa hiyo si mbali kama tunavyopenda kuamini. Kimbunga cha upande wetu wa ikweta kinazunguka kwa mishale ya saa. Aliye kaskazini yake anapata upepo wa magharibi, unaotoka nchi kavu. Ufuoni maji yanaonekana shwari, huku mawimbi marefu ya kimbunga yanapasuka mwambani. Ukiona mawimbi marefu kutoka kusini-mashariki na upepo unatoka bara, usitoke nje ya mwamba kabla hujasoma taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa.

---

TangaLaMtwapa

Allah awalipe. Basi daftari litakuwa na safu hizi: tofauti ya 20 na 4 kusini kwa saa nne asubuhi, upepo wa Dar na Tanga saa hiyo hiyo, ECMWF kwenye 40°00′, wingu la saa mbili, mkondo, na kipimo cha mwambani kilichosahihishwa kwa urefu. Kuna safu niliyoiacha?

---

BarometaKizingo

Ongeza saa ambayo upepo wa baharini umeingia na mwelekeo ulioanza nao. Na tenganisha kurasa za tanga mbili, yaani misimu ya upepo kubadilika, Aprili na Novemba, na zile za kusi na kaskazi. Ukizichanganya, wastani wa kosa la modeli utakaoupata hautafaa msimu wowote.